Tulimpiga Amin, lakini hatukumaliza: dhana za kijiweni kuhusu vita vya nje

Kijiwe chochote cha kahawa hapa Moshi, ikitajwa Kongo au Ukraine, haichukui muda kabla mtu hajasema: "Sisi bwana tulimpiga Amin, tukamaliza." Tulimpiga, ni kweli kabisa. Kwenye kumaliza ndipo pana maneno.

Dhana: Amin alipokimbia, kazi ilikwisha

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, miezi kama mitano na nusu tangu majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yaivamie Kagera. Sehemu ya risasi ilikwenda upesi kuliko wengi walivyotarajia. Sehemu ngumu ilianzia mjini kwetu. Machi 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi, wakaunda chama cha UNLF na kumpa Yusuf Lule uongozi. Kilichowaunganisha kilikuwa kimoja tu: kumchukia Amin. Mwalimu alimshauri Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, asije, maana kuonekana kwake kungeweza kuuvunja mkutano. Lakini watu wake walikuwepo, na Tume ya Kijeshi ikashikwa na Paulo Muwanga, mtu wa Obote, huku Yoweri Museveni akiwa makamu wake.

Sasa hesabu mwenyewe. Lule alitawala siku 68. Godfrey Binaisa aliyemfuata hakumaliza mwaka. Mei 1980 Muwanga na tume yake wakashika nchi. Desemba mwaka huohuo, uchaguzi ambao wapinzani waliukataa ukamrudisha Obote. Februari 1981 Museveni akaingia msituni, akatoka Januari 1986 akiwa ameiteka Kampala. Hao wote walikuwa upande mmoja dhidi ya Amin. Na askari wetu, vijana wa Rombo, wa Songea, wa Tarime, walibaki Uganda hadi 1981 wakilinda amani chini ya serikali moja baada ya nyingine.

Dhana: Mshindi hulipwa

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba vita vile vilitugharimu takriban dola milioni 500. Umoja wa Nchi Huru za Afrika haukutuchangia gharama hizo. Kwenye mkutano wake wa Monrovia, Julai 1979, Numeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitusema waziwazi kwa kuvuka mpaka wa nchi mwanachama. Sioni kama walikuwa na haki ya kusema vile baada ya kukaa kimya Kagera ilipochomwa, lakini kusema walisema.

Ndani ya nchi, jeshi lilipanuliwa kutoka chini ya watu 40,000 hadi zaidi ya 100,000, mgambo wakiwemo. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari na vyakula. Mzee mmoja wa Kiboriloni alikuwa na lori la kubebea ndizi. Liliondoka na dereva wa jeshi, likarudi baada ya vita bila betri, boksi la gia limekufa, tairi za nyuma zimebaki nyuzi. Spea hazikuwepo, na fedha za kigeni za kuagiza spea ndizo zilizokuwa zimeishia vitani. Kuku wake wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Mwalimu aliwaambia wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule watakuambia kama ulilegezwa baada ya hapo.

Dhana: Shida zote za miaka ya themanini zililetwa na vita

Hapana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika 1977, mpaka wa Kenya umefungwa, mafuta yakapanda bei 1979, na sera zetu za uchumi zilikuwa na matatizo yake. Sabuni ya magendo kutoka Taveta ilikuwa inapita porini kabla ya Amin kugusa Kagera. Vita viliongeza mzigo juu ya mgongo uliokwisha kupinda.

Dhana: Adui wa adui yangu ni rafiki yangu

Januari 1971 Amin alipompindua Obote, Uingereza ilimtambua haraka, kwa kuwa ilikuwa imemchoka Obote. Israel nayo ilikuwa karibu na Amin, maana ilikuwa inalifundisha jeshi la Uganda. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waisraeli, kisha Waasia, wengi wao wakiwa na pasi za Uingereza. Gaddafi wa Libya akachukua nafasi ya rafiki. Mwaka 1979 alituma askari kumwokoa, na mamia wakafia Uganda wakimtetea mtu aliyekuwa anafungasha mizigo.

Sisi nasi tusijitoe. Hadithi yetu tunapenda kuianzia 1978, ilhali Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walivuka kutoka Tanzania kwenda kumwondoa Amin, wakashindwa vibaya, ikabidi Tanzania kwenda Mogadishu kutia saini makubaliano na Uganda.

Dhana: Siku hizi tunaingia tukiwa wengi, kwa hiyo tutamaliza

Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ziliunda brigedi ya Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, na kufikia Novemba waasi wa M23 walikuwa wameshindwa. Desemba 2017 askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa na waasi wa kundi jingine, ADF, huko Semuliki. Mwishoni mwa 2021 M23 walirudi. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, iliyokwisha kufufuliwa na yenye makao yake hapo Arusha, ikapeleka kikosi 2022, kikaondoka mwisho wa 2023. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikachukua zamu, Tanzania ikiwemo. Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23, na mwezi Machi SADC ikaamua kuwaondoa askari wake.