Sukari ya zabibu inatengenezwa na jani, sio kumwagwa shinani

Wenye mizabibu ya uani hapa Mtwara, naomba hili la maji ya sukari tuliache jamani. Watu wanamwaga kilo nzima shinani eti zabibu ziwe tamu, wakati sukari ya tunda inatengenezwa na majani kwa jua, hewa na maji, hiyo ya chini unawalisha sisimizi tu.

Alafu kuna wanaosema mbona mnazi tunautilia chumvi na unazaa, basi na mzabibu tuutilie. Mnazi unaistahimili, mzabibu hapana, kingo za majani zinaungua na jani lililoungua halitengenezi sukari. Kwa hiyo kama uko Shangani au Mikindani na maji ya kisima chako yana ladha ya chumvi, mwagilia ya bomba au ya mvua uliyokinga.

Maji mengi ndio utamu? Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mvua zetu zikiisha Aprili au Mei ndio upogoe, maana mzabibu wa huku haulali kwa baridi kama wa Ulaya, msimu wake unaanza ukiupogoa, ndio maana Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka. Kuanzia hapo mpaka punje zinenepe usiuache na kiu, na mwagilia maji yazame chini kabisa, sio kunyunyizia juujuu kila jioni. Punje zikianza kulainika na kubadilika rangi punguza, yani punguza sio kukata, kwa sababu ukiyajaza punje zinapasuka na utamu unakuwa wa majimaji, na ukikata kabisa majani yananyauka na sukari inaishia hapo.

Urea nayo ikizidi unapata kichaka, vichala vinakaa kivulini, vinachelewa kuiva na ubwiri unga unakuja, ule ukungu mweupe kama unga (dawa yake salfa tunaijua wote kwa korosho, na kwenye mzabibu pia inafanya kazi). Weka samadi iliyooza vizuri baada ya kupogoa, na majivu ya kuni kidogo yana potashi, ila usichanganye na urea, nguvu yake inapotea hewani. Mchanga wetu haushiki mbolea, weka kidogokidogo.

Na zabibu sio embe, ukishaikata haiongezi utamu ndani, wala rangi isikudanganye. Onja punje ya ncha ya chini ya kichala, hiyo kwa kawaida ndio ya mwisho kuiva, ikiwa tamu kata.