Kashata Ndani ya Chokoleti: Yanayosemwa Jikoni na Yaliyo Kweli

Mtoto wa pwani huijua kashata kabla hajaijua chokoleti. Kipande cha karanga zilizoshikwa na sukari ya kahawia, kikombe kidogo cha kahawa chungu, baraza na mazungumzo. Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kutengeneza chokoleti ya nyumbani yenye kashata ya karanga na siagi ndani yake, ile ambayo Waingereza na Wamarekani huiita tofi, humwambia kwamba nusu ya kazi anaijua tayari. Tatizo ni kwamba nusu hiyo ndiyo inayomponza kwenye nusu ya pili. Kashata ni sukari. Chokoleti ni mafuta. Sukari huiva kwa moto mkali, na ikishapoa huogopa unyevu wa hewani. Chokoleti huharibika kwa joto dogo lisilotosha hata kuchemshia chai, na ikiwa imeyeyuka, matone machache ya maji yanatosha kuimaliza. Dhana nyingi ninazokutana nazo zimezaliwa pale mtu alipoitendea moja kama mwenzake.

“Changanya unga wa kakao, sukari na siagi, gandisha, basi”

Haya ndiyo mapishi yanayozunguka kwenye simu za watu. Kinachotoka ni kitamu, sikatai, lakini ukikishika dakika moja kinakuachia vidole vyeusi, na ukikiweka mezani Dar es Salaam mchana wa Januari kinarudi kuwa uji.

Sababu iko kwenye mafuta. Karibu nusu ya uzito wa punje ya kakao ni mafuta, nayo ndiyo siagi ya kakao. Hapa lugha imetuchezea kidogo. Siagi kwetu ni ya ng'ombe, na dukani hata majarini ya kopo tunaiita siagi, kwa hiyo msomaji akiona “siagi ya kakao” anaelewa kakao na siagi. Sivyo. Ni mafuta magumu ya rangi ya maziwa mgando, yanayokatika kama mshumaa yakiwa kwenye ubaridi, na huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo tu ya joto la mdomo. Majarini haina tabia hiyo. Mafuta ya nazi nayo huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, ndiyo maana kwenye chupa zetu huku pwani ni maji karibu mwaka mzima.

Unga wa kakao wa kopo ni kilichobaki baada ya sehemu kubwa ya mafuta hayo kukamuliwa. Mtambo wa kukamulia ulipata hataza Amsterdam mwaka 1828, kwa jina la Van Houten. Kipande cha chokoleti cha kutafuna kikasubiri hadi 1847, pale kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ilipouchanganya unga na sukari kwa siagi ya kakao iliyoyeyushwa badala ya maji ya moto. Hata wao, basi, walirudisha mafuta yaleyale.

Kama huna siagi ya kakao, nunua chokoleti ya kupikia na usome viambato nyuma ya pakiti. Ukikuta mafuta ya mise (ya kiini cha mbegu ya mchikichi) au ya mawese mahali pa siagi ya kakao, hiyo ni chokoleti ya kufunikia tu. Ladha yake ni hafifu, lakini huganda bila masharti na huvumilia joto zaidi. Kwa sherehe ya watoto Mombasa mwezi wa tatu mimi huitumia bila aibu yoyote, ila simdanganyi mtu kuwa ni ile nyingine.

“Kakao tunalima wenyewe, nitasaga kwa blenda”

Kweli tunalima. Kyela na Rungwe, Kilombero, na ng'ambo ya mpaka Bundibugyo nchini Uganda. Wakulima wengi husema kokoa, na mjini tunasema kakao. Lakini punje iliyokaushwa tu bila kuvundikwa haina ladha ya chokoleti hata uikaange vipi. Lazima ikae siku 5 hadi 7 ndani ya utelezi wake, imefunikwa kwa majani ya migomba au kwenye masanduku, chachu na bakteria wafanye kazi mpaka lundo lipate joto la nyuzi 45 na zaidi. Hapo ndipo ladha inapoandaliwa. Moto wa kukaangia huja kuikamilisha. Ukinunua punje, muulize muuzaji zimevundikwa siku ngapi. Akikuangalia kwa mshangao, ondoka.

Na blenda? Itakupa rojo lenye chenga. Ulimi huhisi chembe zikizidi mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ili kushuka chini ya hapo mashine ya mawe husaga mfululizo siku nzima au mbili. Hata hivyo sioni chenga kuwa dhambi. Mji wa Modica, kule Sicilia, umejijengea jina kwa chokoleti ambayo sukari yake hukwaruza ulimi kwa makusudi. Nawe ukiwa unatia kashata iliyopondwa, nani atajua chenga ipi ni ya nini?

“Sukari usiiache, koroga mpaka mwisho”

Kwa kashata ya nazi, sawa. Ile tunaitaka iwe na chengachenga. Kashata ngumu ya siagi inataka kinyume chake. Koroga taratibu mpaka punje zote za sukari ziyeyuke, kisha weka mwiko chini. Punje moja iliyobaki ukingoni mwa sufuria ikirudishwa katikati huwaita wenzake, na ghafla una mchanga mweupe. Futa kingo kwa brashi yenye maji, na tia nusu kijiko cha chai cha maji ya limau. Limau si la ladha. Asidi yake huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko huo hauwezi kujipanga kuwa punje kwa urahisi. Ikishageuka mchanga, usiitupe: ongeza maji, yeyusha, anza tena.

Vipimo vyangu ni sukari gramu 200, siagi halisi gramu 150, maji vijiko vitatu vya chakula, chumvi kidogo na karanga gramu 150. Siagi halisi nayo ina maji, asilimia 16 hivi, na lazima yote yakauke ndipo joto lipande. Lengo ni nyuzi 149 hadi 154. Bila kipimajoto, dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likinata kwenye meno, bado. Likivunjika kwa mlio, tayari. Ukiona mafuta yamejitenga na kuelea, moto uliupandisha haraka. Punguza, tia kijiko kimoja au viwili vya maji ya moto kwa tahadhari, koroga mpaka yarudiane.

Kuna wanaotia magadi wakidhani ni sawa na bekingi soda. Ni ndugu, si pacha. Bekingi soda, nusu kijiko cha chai mwishoni kabisa, hutoa gesi inayoijaza kashata vitundu, ikawa nyepesi kutafuna. Magadi yana kaboneti nyingine kali zaidi, na huacha ladha ya sabuni. Yabaki kwenye maharage.

“Ukiungua paka dawa ya meno”

Nalisema katikati ya mapishi kwa sababu ndipo linapotokea. Sukari ya nyuzi 150 ina joto kuliko maji yanayochemka, na hunata kwenye ngozi ikiendelea kuunguza. Dawa ya meno, asali, mafuta na unga havipozi chochote. Vinafunika joto ndani na kumpa kazi mhudumu wa kituo cha afya. Weka mahali palipoungua chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu. Bomba likiwa kavu, kama ilivyo mitaa mingi, weka ndoo ya maji jikoni kabla hujawasha moto. Watoto wabaki sebuleni.

“Karanga ikikaangwa sumu yote inaisha”

Sumukuvu haiishi kwa kikaango. Fangasi wenyewe wanaweza kufa, lakini sumu waliyokwisha kuiacha huvumilia joto la jikoni. Hupungua kiasi tu. Tusiichukulie kwa mzaha: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kinga iko kwenye mikono na macho. Chagua karanga moja moja kabla ya kukaanga, tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, na usinunue zilizokwisha kusagwa au kuvunjwavunjwa ambazo huwezi kuzikagua. Mimi hupenda kuchanganya nusu karanga na nusu korosho za Mtwara, ambazo mafuta yake ni matulivu kinywani.

Zitie zikiwa za moto. Karanga baridi zikiingia kwenye sukari iliyoiva huigandisha kabla hujaitandaza, ukabaki na bonge moja la kupasua kwa mchi. Na usimpe mgeni kabla ya kumuuliza. Wenye mzio wa karanga wapo kwetu pia, na “kipande kidogo tu” kinaweza kutosha kumfungia pumzi.

“Imeshikana? Ongeza maziwa kidogo”

Hiyo ni kanuni ya uji. Chokoleti iliyoyeyuka haina maji karibu kabisa. Ni chembe za sukari na kakao zinazoelea kwenye mafuta. Matone machache ya maji huzifanya chembe za sukari zishikane, na bakuli zima linakuwa kama udongo wa mfinyanzi. Ukitia maziwa mengi ya moto italainika tena, lakini hiyo sasa ni rojo la kumwagia keki. Kipande hutakipata.

Maji huingia kwa njia ambazo hatuziangalii: mwiko uliooshwa sasa hivi, mvuke wa sufuria ya chini unaopanda pembeni mwa bakuli, kifuniko kinachotona. Zima moto maji yakianza kuchemka, weka bakuli juu, liache liyeyuke lenyewe.

“Friji itaigandisha, hakuna cha ziada”

Itaigandisha, ndiyo. Lakini asubuhi utakuta kipande kimefifia, hakilii kikivunjwa, na kesho yake kina madoa meupe. Siagi ya kakao inaweza kujipanga katika maumbo sita ya fuwele, na ni moja tu, la tano, linalotupa mng'aro, mlio na kutoyeyuka mkononi upesi. Kulipata ni kazi ya subira kuliko ufundi. Katakata chokoleti nyeusi, yeyusha theluthi mbili mpaka nyuzi 45, ondoa kwenye moto, kisha tia theluthi iliyobaki kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka ishuke nyuzi 31 au 32. Vipande hivyo vikavu tayari vina umbo la tano, navyo huyafundisha mafuta mengine. Ya maziwa ishushe hadi 29 au 30. Paka kidogo kwenye kisu: baada ya dakika tano ikikauka na kung'aa, mimina.

Chumba chenye nyuzi 32 hakikusaidii. Wa Lushoto na Limuru wana bahati. Sisi wa pwani tufanye kazi alfajiri, au tuweke kalibu kwenye friji kwa dakika 10 hadi 15 baada ya kumimina, si saa nzima.

Yale madoa meupe si ukungu. Yasugue kwa kidole: yakiyeyuka ni mafuta yaliyopanda juu, yakikwaruza ni sukari iliyoyeyushwa na unyevu ikakauka tena. Yote yanalika.

“Mwaga chokoleti juu ya kashata ingali moto, inajiyeyusha yenyewe”

Wamarekani wengi hufanya hivyo majumbani, na mimi pia nikiwa na haraka. Lakini joto la kashata hufuta kazi yote ya fuwele, na michirizi myeupe itakuja. Ndiyo maana wao hunyunyizia karanga zilizopondwa juu, na karanga hizo hazikuwekwa kwa ladha peke yake. Ukitaka mng'aro, acha kashata ipoe kabisa, iponde vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, ndipo uvichanganye kwenye chokoleti iliyokwisha kutulizwa, yaani kushushwa joto kama nilivyoeleza.

Usichelewe katikati. Kashata tupu mezani hunyonya unyevu wa hewa. Kwenye msimu wa mvua saa mbili tu zinatosha kuifanya inate. Chokoleti ikishaifunika pande zote huwa koti lake, na ndani itaendelea kuvunjika vizuri kwa wiki kadhaa kwenye bati lenye kifuniko cha kubana. Kama nyumba ni ya joto mno na huna budi kutumia friji, bati liingie limefungwa na litoke limefungwa, likae mezani mpaka lilingane na joto la chumba. Ukilifungua mapema, umande utatua juu ya vipande kama unavyotua kwenye chupa ya soda baridi.