Kama haoni raha, mbona hawachi? Dopamini na vitu vingine mnanichosha navyo

Jana saa tisa mama mmoja amekaa hapa ofisini kwangu Ngara, kijana wake kando ameinamia simu, mama ananiambia "Dokta, huyu na kubeti kwake anapenda raha tu, kama hangekuwa anaskia vizuri angekuwa ameacha kitambo." Kijana kimya. Mimi nikameza mate, juu mama ni mkubwa na ndiye analipa. Lakini hiyo sentensi nimeiskia mara tatu wiki hii pekee, kwa mama, kwa mke wa mtu, na kwa pasta, kwa hivyo wacha nijibu hapa, na majibu ya dhana zingine mnazoniletea nitaweka hapo chini haraka haraka.

Dhana: dopamini ni kemikali ya raha kwa ubongo, kwa hivyo mtu akirudia kitu ni kwa sababu anakifurahia

Hapana. Na hii ndio inanimaliza kabisa, juu inafanya familia imchukie mtu bure.

Ilianza 1954 huko Montreal, chuo cha McGill. James Olds na Peter Milner walimwekea panya waya ndani ya ubongo, panya akawa anabonyeza kidude apate umeme, anabonyeza tu bila kuchoka. Watu wakasema ala, hapa ndio makao ya raha. Baadaye ikajulikana dopamini inahusika sana kwa hiyo njia, basi, dopamini ikapewa jina la raha mpaka leo. Sasa niambie, panya kubonyeza inaonyesha anataka kubonyeza, sindio? Nani alimuuliza kama anaskia vizuri?

Kuna mtu alipata njia ya kumuuliza. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan aliangalia uso. Panya akionja sukari hulamba midomo, akionja kitu kichungu huachama, hata mtoto mchanga hufanya hivyo hivyo. Mwaka wa 1989 yeye na wenzake wakachukua panya walioharibiwa dopamini karibu yote. Hao panya hata uwawekee chakula mbele ya pua hawali, usipowalisha wanakufa njaa. Lakini uwatilie sukari mdomoni? Wanalamba midomo vile vile. Utamu uko, hamu ndio imeenda. Na sisi kwa Kiswahili tuna bahati, maneno tayari tunayo, hamu na utamu, na hakuna mtu huyachanganya akiongea mambo ya chakula. Dopamini ni kazi ya hamu. Utamu wenyewe unaendeshwa zaidi na kemikali zingine, za ukoo wa afyuni, ambazo mwili unajitengenezea.

Alafu kuna upande wa pili, wa ubongo kujifunza kitu kina thamani gani. Mtafiti wa ubongo Wolfram Schultz alisikiliza seli za dopamini za nyani wakipewa juisi. Juisi ikija bila kutarajiwa, seli zinalipuka kwa ishara. Nyani akishazoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zinalipuka taa ikiwaka, na juisi yenyewe ikifika zinanyamaza, hazina habari nayo. Na taa ikiwaka alafu juisi isije, zinashuka chini kuliko kawaida, dakika ile ile juisi ingekuja. Yeye na Peter Dayan na Read Montague waliandika hiyo hesabu 1997, kwamba seli hazipimi zawadi, zinapima tofauti kati ya ulichopata na ulichotarajia.

Unaijua hii hata kama hujawahi kuona nyani. Mshahara ukiingia tarehe 30 hata hushtuki, ulijua. Meseji ya M-Pesa iingie Jumatano mchana, mtu ulimkopesha mwaka juzi ukasahau amelipa elfu mbili, unasimama katikati ya barabara unaisoma tena. Elfu mbili! Mshahara ni mara ishirini ya hiyo. Na mshahara ukifika tarehe 3 bado, unajua vile unaskia.

Sasa mpe mtu huyo mwenye ubongo wa hivyo gemu ya kamari ya kindege, ile kinapaa na namba inapanda na hujui kitapotea saa ngapi. Haitabiriki hata siku moja, kwa hivyo ule mshtuko hauzoeleki kama mshahara. Mnaniambia ati "akipoteza vya kutosha atajifunza mwenyewe." Mama zangu, anajifunza! Shida ni kile anajifunza. Kitu kinacholipa mara moja moja bila mpangilio ndicho kigumu zaidi kuacha, hiyo ilijulikana tangu enzi za mwanasaikolojia B. F. Skinner na njiwa zake. Na pia kuna ile ya "nilikuwa karibu". Luke Clark na wenzake 2009 waliangalia ubongo wa watu wakicheza mashini ya kamari, wakaona kukosa kidogo tu kunaamsha sehemu zile zile za ushindi, na watu wenyewe wanasema hawajapenda, inauma kuliko kukosa kabisa, lakini hamu ya kucheza tena inapanda. Soma hapo tena pole pole. Inauma zaidi, na anataka zaidi.

Kuna kijana mmoja wa boda (nimebadilisha vitu kadhaa asijulikane) usiku mmoja alipata elfu kumi na nne. Nikamuuliza ulifanya nini. Akasema alirudisha yote kabla ya saa nane usiku. Ulifurahi? Akakaa, akaangalia dirisha, akaniambia, "Dokta, nilifurahi ka dakika mbili hivi. Alafu nikaanza kuskia moto kwa kifua, nataka kuweka tena." Hiyo dakika mbili ndio raha yote tunaipigania hapa.

Na kama bado unabisha, nenda kwa watu wa Pakinsoni, ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka. Dawa zao zingine, kama pramipexole, zinafanya kazi kwa njia ya dopamini, na baadhi ya wagonjwa, wazee watulivu ambao hawajawahi kucheza hata karata, wanaanza kamari, dozi ikipunguzwa mara nyingi hamu inaisha. (Ukiona hiyo kwa mzee wako mrudishe kwa daktari wake, usimnyang'anye dawa wewe mwenyewe, tafadhali.)

Kwa hivyo mimi dawa yangu ni kadaftari. Wateja wangu wananicheka juu ya hako kadaftari na sijali. Nunua ka kuingia mfukoni, si simu, simu ndio adui. Kabla hujaweka beti andika kutoka 0 mpaka 10 unataka kiasi gani. Ukimaliza, ushinde usishinde, andika umefurahi kiasi gani. Yule wa boda aliniletea kurasa sita, upande wa kushoto 8, 9, 9, 8, upande wa kulia 2, 1, 3, 0. Hakuna kitu ningemwambia na mdomo ingefika hapo. Hiyo haimwachishi, nisidanganye, lakini inaumaliza nguvu ule uongo kwamba anaenda kustarehe, na nyumbani wanaacha kumuita mpenda raha.

Dhana: dopamini imeisha, nafunga (najinyima raha zote) ili ijae tena

Si tanki ya maji. Dopamini ndio inakusaidia hata kuinua kikombe, huwezi kufunga dopamini na bado utembee mpaka kwa stage. Kijana mwingine alijifungia kwa nyumba Kasarani Jumamosi nzima, hakuna muziki, hakuna chakula kitamu, hakuna kuongea na watu, hata kumsalimia jirani alikataa. Jumapili jioni alibeti kuliko wiki yote. Umemtolea mtu kila kitu kizuri alafu unamwachia simu. Kinachosaidia ni kuondoa ile taa ya nyani, yaani notifikesheni, grupu za mikeka, kibanda kile mnakutana. Na rudisha vitu vizuri, usipunguze.

Dhana: amigdala (kile kipande kidogo ndani ya ubongo) ni kitufe cha woga

Hapana, inahusika pia na vitu vizuri, inauliza hiki kina maana kwangu ama hakina. Kuna mgonjwa maarufu anaitwa SM, amigdala zake zote mbili ziliharibika, nyoka na nyumba za mizimu hazimtishi. Lakini alipovutishwa hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi aliingiwa na hofu kubwa. Tuendelee.

Dhana: toa hisia uamue kwa akili

Hii naletewa na wanaume, kila mara, wamekunja mikono. Daktari wa ubongo Antonio Damasio alikuwa na mgonjwa aliyeumia sehemu ya chini mbele ya ubongo, akili ya hesabu na lugha iko sawa, hisia ndizo hazifiki kwenye uamuzi. Akapewa tarehe mbili achague ya kurudi kliniki. Karibu nusu saa anapima, miadi mingine, hali ya hewa, hii na ile, mpaka daktari akamchagulia, na yeye akasema sawa, akaenda zake. Hesabu alikuwa nayo yote.

Dhana: siku 21 tabia inaisha

Hii ilitokana na daktari wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliyeandika 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua kama siku 21 hivi, angalau, kuzoea sura mpya. Pua, jamani. Phillippa Lally na wenzake London walipopima kweli, 2010, kwa wastani ilikuwa siku 66, wengine 18, wengine makadirio yakafika 254. Na hao walikuwa wanajifunza kunywa maji na kula matunda, si kuacha kamari.

Mke wa yule wa boda alinipigia siku ya 22, saa moja asubuhi, akiuliza mbona bado.