Kinachochomoza ni mpini, si kioo

Hapa Mombasa wenye leseni ya bastola wanaambiana tangu zamani ati ukifunga ile kioo ya nukta nyekundu ya kulengea shabaha juu ya slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, basi bastola haifichiki tena, labda utembee na koti, na joto hili! Si kweli jamani. Bastola ikiwa ndani ya suruali kiunoni, kioo inakaa juu tu ya mshipi, imelala na mwili, kinachochomoza ni mpini manake ndio unaotokeza nyuma, ukiinama kuokota funguo shati lenye jasho linashika papo hapo na kona ya mpini inajichora yote.

Kwa hivyo tafuta holsta, yaani ala ya kubebea bastola, yenye kibawa kidogo cha kusukuma mshipi, kile ndicho kinazungusha mpini uingie ubavuni, na mshipi wenyewe uwe mgumu. Mdomo wa holsta uwe umekatwa kupisha kioo. Lakini kabla ya yote triga ifunikwe kabisa na plastiki ngumu, kitambaa laini mimi nakataa, kikikunjika chaweza kuingia kwa triga ukirudisha bastola. Holsta ijaribu na bastola tupu, risasi ziache chumba kingine.