Viongeza ladha katika chakula cha samaki wa kufugwa: ni nini, na hufanyaje kazi

Kiongeza ladha ni kitu kinachotiwa kwa kiasi kidogo kwenye chakula cha samaki ili samaki akitambue haraka, akisogelee, akimeze na aendelee kula mpaka ashibe. Hakitiwi kwa ajili ya protini wala mafuta, hata kama vingine huja na protini yake. Kinachotafutwa hasa ni muda. Punje ikishagusa maji huanza kulowa, na ndani ya dakika chache vitamini C, vitamini za kundi B na amino asidi (vipande vidogo vinavyojenga protini) zilizo huru huanza kutoka na kupotelea bwawani. Punje iliyoliwa dakika ya pili na iliyoliwa dakika ya kumi na tano hazina thamani sawa. Ile isiyoliwa kabisa huzama, huoza, hunyonya oksijeni na kuacha amonia. Kwa kuwa chakula hubeba zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji wa sato au kambale, punje zinazozama ni hasara mara mbili: umezinunua, na bado zinakuchafulia maji.

Zamani suala hili halikusumbua sana, kwa sababu unga wa dagaa ulikuwa mwingi ndani ya chakula na wenyewe una ladha ya kutosha. Siku hizi dagaa wa Ziwa Victoria (omena kwa Wakenya, mukene kwa Waganda) wanagombewa na binadamu, kuku na samaki, na bei imepanda. Na ni haki binadamu awe wa kwanza. Watengenezaji wamehamia kwenye soya na mashudu ya alizeti au ya pamba. Protini ipo, lakini soya ina saponini ambazo ni chungu, mimea mingine ina tanini zenye ukakasi, na mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba. Samaki huzionja hizo zote. Kadiri dagaa wanavyopunguzwa ndivyo kiongeza ladha kinavyohitajika zaidi.

Samaki anavyonusa na kuonja

Pua ya samaki haipumui. Maji hupita kwenye tundu, yakagusa mikunjo midogo ya ndani, na hapo ndipo harufu hutambuliwa. Kwa hiyo harufu inayomfikia samaki ni ile iliyoyeyuka majini, si ile inayokupiga wewe ukifungua gunia. Mfuko unaonukia sana puani mwako unaweza usimwambie samaki chochote. Vinavyomvuta ni molekuli ndogo zinazoyeyuka kirahisi: amino asidi huru kama glaisini, alanini, prolini na ajinini, kisha betaini na vitu vya jamii ya inosini vinavyopatikana kwenye nyama ya samaki na kamba.

Ladha ni hatua ya pili. Sato huona punje, huivuta mdomoni, huishika kidogo, kisha huimeza au huitema. Simama kando ya kizimba asubuhi utazame punje moja tu: ikitemwa, ikachukuliwa na mwingine, ikatemwa tena, tatizo liko kwenye ladha au ugumu wa punje, si kwenye harufu. Zisiposogelewa kabisa, tatizo ni harufu, au samaki wenyewe hawana hamu ya kula. Ndiyo maana wataalamu hutofautisha kivutio, kinachomleta samaki, na kichocheo cha ulaji, kinachomfanya ameze na kurudia. Bidhaa nyingi za dukani huchanganya vyote viwili bila kusema.

Kambale ni habari nyingine. Ana jozi nne za sharubu zilizojaa vionjio, na vionjio vingine viko midomoni na juu ya ngozi. Hula vizuri gizani na kwenye maji ya matope ambako macho hayamsaidii. Sato hutegemea macho zaidi, na ana tundu moja tu la pua kila upande wakati kambale ana mawili. Kwa kambale, kivutio chenye harufu kali ya nyama hulipa. Kwa sato, weka nguvu zaidi kwenye ladha ya mdomoni na kwenye punje inayoelea, anayoiona.

Kila aina ina mapendeleo yake. Mwaka 1978, Mackie na Adron wa Aberdeen, Scotland, walionyesha kwamba samaki bapa wa baharini aitwaye turbot huchochewa kula na inosini na inosini monofosfeti. Perege wa aina ya zillii, ambaye hula majani, huvutwa na asidi ya sitriki ikiambatana na amino asidi. Kwa hiyo pakiti iliyofanya kazi kwa samaki wa baharini haina dhamana yoyote kwenye bwawa lako la Mwanza au Kisumu.

Vinavyotumika

Cha kwanza na cha kuaminika zaidi ni wanyama wa majini wenyewe: unga wa dagaa, unga wa uduvi wa Ziwa Victoria, mafuta ya samaki. Chakula kilichojengwa juu ya soya kikiongezwa unga mzuri wa dagaa au uduvi asilimia 5 hadi 10, mara nyingi hakihitaji kitu kingine. Sharti ni uwe mzuri. Dagaa walioanikwa mchangani huja na mchanga, na mchanga ni uzito unaoulipia bure. Dagaa waliooza kabla ya kukauka wana harufu kali, lakini samaki huwakataa. Chukua kiganja cha unga, utie kwenye glasi ya maji na ukoroge: mchanga utatulia chini kabla ya kitu kingine.

Betaini, inayotokana zaidi na mabaki ya viazisukari, huuzwa kama unga mweupe na hutumika gramu 5 hadi 10 kwa kilo ya chakula. Kitunguu saumu cha unga hutumika pia; anza na gramu 5 kwa kilo na usikimbilie kuzidisha, kwani kikizidi hupunguza ulaji. Damu ya ng'ombe iliyokaushwa humvuta kambale, lakini lazima iwe imechemshwa vizuri kabla ya kukaushwa ili kuua bakteria.

Wengine hutengeneza sailaji ya samaki, yaani mabaki yaliyoyeyushwa na kuhifadhiwa kwa asidi, kutokana na matumbo na vichwa vinavyotupwa mialoni. Saga mabaki hayo, weka kwenye ndoo ya plastiki (chuma kitaliwa), ongeza mililita 30 za asidi ya fomiki ya asilimia 85 kwa kila kilo, ukoroge vizuri kila siku. Kipimo cha asidi, yaani pH, kinapaswa kuwa chini ya 4. Kikipanda, sailaji inaoza. Kwenye joto la ukanda wa ziwa mchanganyiko huwa kimiminika ndani ya siku chache, kwa sababu vimeng'enya vya tumboni huvunja protini kuwa vipande vidogo na amino asidi huru, vile vile samaki anavyovipenda. Usichemshe mwanzoni, utaviua vimeng'enya hivyo na hakuna kitakachoyeyuka. Chemsha ikishakuwa kimiminika, kwani mabaki ya sato yanayorudishwa kwa sato mabichi yanaweza kuleta magonjwa. Asidi hii huunguza ngozi na macho: vaa glavu na miwani, fanya kazi mahali pa wazi.

Wapi kiwekwe: ndani au juu

Mashine inayotengeneza punje zinazoelea hupika unga kwa joto linalozidi nyuzi 100. Vitu vyepesi vya harufu huruka na mvuke huo. Betaini huvumilia joto. Harufu ya mafuta na ya kitunguu saumu hupungua sana. Ndiyo maana viwanda hupaka mafuta na ladha juu ya punje baada ya kukaushwa, na mfugaji mdogo anaweza kufanya hivyo hivyo.

Kwa kilo 10 za punje, yeyusha gramu 50 za betaini kwenye maji safi mililita 200. Tandaza punje kwenye turubai safi kivulini, nyunyizia kwa chupa ya kupuliza huku ukigeuza, kisha acha zikauke mpaka zikikwaruzana zisikie kavu. Ndipo utie mafuta ya samaki mililita 200, ugeuze tena taratibu. Mpangilio huo una sababu. Mafuta yakitangulia, maji yenye betaini hayataingia kwenye punje na yatateleza chini. Mafuta yakija mwisho, huifunika betaini isitoke haraka majini. Kama unatumia unga wa uduvi uliosagwa laini sana, gramu 100 zitoshe, uzitie baada ya mafuta ili zishike.

Tengeneza kinachotosha wiki moja. Mafuta ya samaki yakikaa kwenye joto na hewa huharibika, yakatoa harufu ya rangi ya mafuta, na kilichokusudiwa kuvuta kinafukuza. Punje zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumu ya aflatoksini inayoharibu ini la samaki. Gunia lenye ukungu litupwe. Ladha haiwezi kuliokoa.

Kujua kama kinafaa

Usiamini ulaji wa siku ya kwanza, kwani kitu kigeni peke yake huwazindua samaki. Weka nyavu mbili za ukubwa mmoja kwenye bwawa lilelile, samaki wa uzito mmoja na idadi moja, mojawapo ikila chakula chenye kiongeza na nyingine bila. Tupa punje 100 kila upande na uhesabu zilizobaki baada ya dakika 10. Endelea siku 10 angalau, kisha pima uzito baada ya mwezi.

Halafu piga hesabu ya pesa. Tuseme chakula ni shilingi 3,000 kwa kilo, na samaki wako hula kilo 1.8 kuongeza kilo moja ya uzito: gharama ni shilingi 5,400. Kiongeza kinapandisha bei hadi 3,150, na ulaji unashuka hadi kilo 1.7: gharama ni 5,355. Umeokoa shilingi 45 tu, kabla ya kulipa kazi ya kupaka. Ukishuka hadi 1.6 gharama inakuwa 5,040, hapo kiongeza kimelipa. Bila vipimo hivi, utasikia tu kwamba samaki "wanachangamka", na huwezi kujua umepata au umepoteza.

Kosa tunaloliona likirudiwa zaidi ni kununua ladha pale ambapo shida ni maji. Sato hula vizuri kwenye nyuzi 26 hadi 30. Joto la maji likishuka chini ya 22 hamu hupungua yenyewe. Oksijeni ikiwa chini ya miligramu 3 kwa lita alfajiri, hakuna betaini itakayomfanya ale. Pima joto na oksijeni kwanza, angalia kama punje si kubwa kuliko mdomo wa samaki, kisha ndipo uulize kuhusu ladha. Vilevile usichanganye ladha na lishe. Soya ina upungufu wa methionini, mojawapo ya amino asidi anazohitaji samaki ili akue, na samaki aliyekula soya kwa furaha bila methionini ya kutosha bado atakua polepole.

Kuna mahali kiongeza kina kazi isiyo na mbadala: chakula chenye dawa. Dawa nyingi ni chungu, na samaki mgonjwa tayari anakula kidogo. Mafuta ya samaki asilimia 2 yakipakwa juu ya dawa hufunika uchungu na kuizuia isiyeyuke majini kabla haijamezwa. Dozi yenyewe ipangwe na daktari wa mifugo.

Ukinunua kiongeza cha dukani, soma lebo itafute vitu vitatu: kimetengenezwa na nini, gramu ngapi kwa kilo ya chakula, na tarehe ya mwisho wa kutumika. Lebo isiyosema kilichomo, ikaishia kuahidi ukuaji wa ajabu, iache dukani. Kwa fedha hiyohiyo utapata kilo kadhaa za uduvi safi.