Grisi haiponyi beringi iliyokwisha

Hapa Goma, ambako magurudumu ya pikapu hugongwa kila siku na mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, wengi huamini kwamba beringi ya mbele, yaani kifaa kinachowezesha gurudumu kuzunguka kwa wepesi, ikianza kunguruma inatosha kulifungua gurudumu na kuijaza grisi mpya. Imani hiyo si sahihi. Ngurumo hutokea kwa sababu chuma kimekwisha kumenyeka na kuacha vishimo juu ya rola, yaani vipande vidogo vya chuma vinavyobingirika ndani ya beringi, na juu ya bangili ambamo rola hizo huzunguka; grisi huweza kupunguza sauti kwa muda, lakini hairudishi chuma kilichotoka, na gurudumu linaweza kukwama au hata kuchomoka safarini.

Anayebadilisha beringi mwenyewe, gari likiwa limeegemea stendi imara wala si jeki peke yake, abadilishe pia bangili ya nje iliyoshindiliwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, hata ikionekana nzima, kwa kuwa rola mpya huharibika upesi zikizunguka juu ya bangili ya zamani. Wengi huiacha ili kuokoa fedha kidogo, na hilo hunisikitisha. Nati inayoishikilia beringi nayo isikazwe kwa nguvu zote: beringi iliyobanwa kupita kiasi hupata moto.