Wa kwenye ua si wa Itombwe

Nimetumiwa tena picha kwenye WhatsApp. Kinyonga wa kijani juu ya ua, yaani uzio, wa parsele (kiwanja) moja hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na chini yake: «Docta, hawa ndio mnasema wanaisha? Kwangu wamejaa.» Mama huyo namheshimu, nikamjibu kwa upole. Upole umeniishia, sasa naandika.

Yale mengine niyamalize haraka. Kinyonga hana sumu. Mate yake hayaleti upara. Habadilishi rangi ili afanane na shati lako. Ni mambo ya joto, hasira na kutafuta mke. Tuendelee.

Huyo wa kwenye ua karibu kila mara ni Trioceros ellioti. Anazaa watoto hai, anapenda vichaka na kando ya mashamba, na ukifyeka msitu anaona umemfungulia mlango. Tunayesema anaisha ni wa Itombwe, milima ya hapa Kivu Kusini. Jina lake Kinyongia itombwensis: anataga mayai, ni wa msitu wa mlimani, na miti ikikatwa hahamii kwenye ua wako. Tazama koo. Ellioti ana ndevu za magamba chini ya kidevu, na mifereji kwenye ngozi ya koo. Kinyongia hana ndevu hizo, koo lake ni tupu. Basi, sekunde kumi tu.

Kusema vinyonga hawapungui kwa sababu ellioti wapo ni sawa na kusema samaki wote wa ziwa Kivu wako salama kwa kuwa sambaza, wale dagaa wetu, wamejaa sokoni Kadutu. Na ubaya wake ni huu: msitu ukifyekwa, watu wanaweza kuona vinyonga wengi kuliko zamani, maana ellioti anaingia na kukaa usawa wa macho. Yule wa msituni anapotea bila mtu kumkosa. Kwa hiyo mzee wa kijiji akiniambia «siku hizi wameongezeka», mimi sifurahi, nauliza miti ilikatwa lini.

Nasi wataalamu tulichelewa. Tangu 1912 wote hawa wa msituni, kutoka Ituri hadi Burundi, walihesabiwa aina moja, ambayo leo inaitwa Kinyongia adolfifriderici. Ni mwaka 2017 ndipo watafiti, Chifundera Kusamba wa kituo cha utafiti cha Lwiro akiwa mmoja wao, walipolinganisha vinasaba na maumbile wakatenga aina tatu mpya: wa Itombwe, wa Rugege upande wa Rwanda na Burundi, na wa Kigezi kule Uganda. Mnyama tuliyedhani ana nchi nne kumbe ana safu yake moja ya milima. Hifadhi ya Itombwe ipo kwenye karatasi tangu 2006, lakini wachoma makaa na wachimba dhahabu hawakuisoma karatasi hiyo.

Sasa lile ambalo ripoti hazipendi. Tunawatafuta usiku kwa tochi. Akilala anapauka, karibu mweupe, mkia umeviringwa, kwenye ncha ya kijiti chembamba kabisa. Nyoka akipanda, kijiti kinatikisika naye anajiachia aanguke. Vizuri. Lakini tochi yangu inafika mita chache, na miti ni mirefu. Nikiandika «hakuna», daftari linasema hakuna. Ukweli ni kwamba shingo ilinichoka. Wafadhili wanataka idadi kwa hekta, nami nawapa, ila kulinganisha usiku wa mvua na usiku mkavu siku zote kunanipa wasiwasi.

Biashara? Kumtoa nje ya nchi kunahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kwangu mimi, panga linamtisha huyu kuliko mnunuzi, ingawa jina jipya huamsha wanunuzi.

Kwa hiyo pigeni picha ya koo na ya ubavu, mseme kijiji. Koo likiwa tupu na mko juu Mwenga, upande wa Itombwe, nipigieni hata usiku wa manane, ila mahali penyewe msipaweke Facebook. Mnyama mwacheni kwenye kijiti chake. Aliyeniletea mmoja ndani ya kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimekazwa, anajijua.